Juu ya Kumpa Paka Jina

Mahindi yakiisha kuvunwa na kuwekwa ghalani, watu wa Vwawa huanza kuulizana habari za paka. Mji huu, ambao tangu mwaka 2016 ni makao makuu ya Mkoa wa Songwe, umezungukwa na mashamba ya mahindi na kahawa. Na penye mahindi hapakosi panya. Basi mtu hupewa mtoto wa paka na jirani, humtia kikapuni, humfikisha nyumbani, na watoto huuliza neno moja kabla ya yote: "Ataitwa nani?" Watu wazima wengi hujibu, "Paka ni paka tu." Sisi twaona jibu hilo halitoshi, nasi twapenda kueleza sababu zake. Jina la paka lina wasikiaji wawili, yaani paka mwenyewe na jirani. Mwenye kumkumbuka mmoja akamsahau wa pili hupata hasara.

Kwanza tutazame neno lenyewe. Waswahili husema paka, Wanyanja husema mphaka, na Waganda husema kkapa. Lakini Wakikuyu husema nyau, na neno hilo lajulikana katika Kiswahili pia, hasa vinywani mwa watoto. Asili yake si fumbo, maana ndiyo sauti ya mnyama. Wamisri wa kale nao walimwita kwa namna hiyo hiyo, miu. Twaweza kusema kwamba nyau ni jina alilojipa paka mwenyewe. Lakini ni jina la paka wote. Halimtengi huyu na yule.

Je, paka aweza kulijua jina lake? Wengi hudhani kwamba mbwa peke yake ndiye ajuaye. Mwaka 2019 wataalamu wa Japani, mmoja wao Atsuko Saito, walitangaza habari za uchunguzi wao. Paka alisikizwa maneno kadhaa yenye urefu sawa na jina lake, hata akachoka kuyajali. Kisha likatajwa jina lake. Wengi waligeuza kichwa au masikio, hata sauti ilipokuwa ya mtu mgeni. Lakini paka waliokaa wengi pamoja katika mkahawa mmoja hawakutenga jina lao na majina ya wenzao.

Habari hizi zatufundisha mambo matatu. La kwanza, jina liwe fupi. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo jina la silabi mbili, kama Jivu au Tope, hupigwa kwa nguvu tangu mwanzo, na sikio hulipata mara moja. La pili, paka wawili wa nyumba moja wasiwe na majina yanayokaribiana, kama Jivu na Jibu. La tatu, jina litajwe wakati wa chakula. Paka aitwaye ili apigwe hujifunza jina lake upesi sana, lakini hujifunza kulikimbia.

Sasa twaja kwa msikiaji wa pili. Paka huitwa jioni, mlangoni, kwa sauti kubwa, na nyumba za mjini zimekaribiana. Kila mtu ajua jinsi kanga ilivyo na maneno, na jinsi mwanamke awezavyo kumwambia jirani jambo kwa kuivaa tu, pasipo kufungua kinywa. Jina la mnyama laweza kufanya kazi hiyo hiyo. Tuseme watu wawili wamegombana juu ya mpaka wa shamba, na mmoja akamwita paka wake Wivu. Kila jioni husimama mlangoni akiita, "Wivu! Wivu! Njoo ule!" Paka husikia habari za chakula, jirani husikia matusi. Wala jirani hawezi kushtaki, maana ataambiwa, "Mimi namwita paka wangu." Ugomvi ambao wazee wangeumaliza kwa kikao kimoja huchochewa kila siku kwa miaka kumi au zaidi, kwa kuwa paka huishi sana. Na mtu asiyeweza kujibu kwa maneno huenda akajibu kwa jiwe au kwa sumu. Hapo alipaye deni ni paka, ambaye hakumtukana mtu yeyote.

Tena, hapa Vwawa hukutana Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali na wengineo, na majina ya koo zao yana uzito. Kwa Wanyamwanga jina huonyesha kama mwenyewe ni mume au mke: mwanamume ni Siwale au Simbeye, na mwanamke wa ukoo ule ule ni Nawale au Nambeye. Jina la namna hiyo ni mali ya watu wengi, wazima na waliokufa. Atakayelitia kwa paka kwa mzaha, kisha akasikika akimkaripia kwa kuiba nyama, amewakaripia wote. Ni kweli kwamba Abu Huraira, sahaba wa Mtume Muhammad, alipata jina lake kwa sababu ya paka, na maana yake ni baba wa kitoto cha paka. Lakini mtu kupata jina kwa paka ni jambo moja, na paka kupata jina la mtu wa jirani ni jambo jingine.

Paka mweusi yampasa aangaliwe zaidi. Wako watu ambao hata leo humshuku kwa rangi yake. Ukimwita Jini au Mchawi kwa kucheka, wewe utacheka nyumbani mwako, lakini yeye atatembea usiku katika viwanja vya watu wasiocheka. Mwite Kahawa, na mji wote utaelewa.

Majina mema hayako mbali. Rangi hutoa Jivu na Masizi. Mwendo hutoa Kimondo, jina la kufaa hasa katika nchi ya Mbozi, ambako lile pande kubwa la chuma lililoanguka kutoka angani lingali laonekana. Na hapa sarufi yatuonyesha jambo. Twasema kimondo kimeanguka, lakini Kimondo amerudi. Majivu yamepoa, lakini Majivu amelala. Jina humtoa mnyama katika ngeli ya vitu, likampa nafasi nyumbani.

Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na panya hao huitwa kwa majina. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia, akapewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020, akafa mwaka 2022. Ikiwa panya amepata jina kwa kazi yake, haifai paka alindaye mahindi anyimwe lake.

Wazee walisema, paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi. Lakini majirani watajuaje kwamba ni wa nyumba, asipokuwa na jina linalojulikana? Paka aitwaye kila jioni ana mwenyewe, na mtu hufikiri mara mbili kabla ya kumpiga. Basi yafaa mtu alichague jina jikoni, alitamke mara tatu kwa sauti kubwa, na kuwataja moyoni wote watakaolisikia. Asipoona mmoja wao wa kuudhika, na alifungue mlango aite.