Yaya Mpya Nyumbani? Ongeeni Kabla Mwezi Haujaisha

Yaya anafika Jumapili jioni na begi lake. Jumatatu alfajiri unakimbilia matatu, unamwambia, "Uji wa mtoto uko kwa thamosi, mengine tutaongea jioni." Jioni umechoka. Siku ya mshahara ndiyo mnagundua kila mtu alikuwa na hesabu yake. Yaya anaondoka, na mtoto anaanza tena kuzoea mtu mgeni.

Tengeni saa moja siku ya kwanza, muongee haya:

Kazi. Ni kuangalia mtoto tu, ama pia kufua na kupika? Mtoto akilia na nguo ziko kwa beseni, aanze na nini? Mwambie wazi: mtoto kwanza, nguo zitangoja.

Mapumziko. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa siku moja ya kupumzika kila wiki, na siku 21 za likizo ya malipo kwa mwaka. Chagueni siku yake ya off, na uiheshimu hata kama una wageni.

Mshahara. Kubalianeni kiasi, tarehe, na nani atalipa gharama ya kutoa. Ukituma 18,000 kamili, akitoa kwa ajenti hapati 18,000 mkononi. Tuma kwa laini yenye jina lake, si ya shangazi wala ya ofisi iliyomleta. Ule ujumbe wa malipo ni risiti yenu nyote wawili.

Advansi na makato. Semeni mapema anaweza kuomba advansi ya kiasi gani. Kikombe kikimteleza kikavunjika, usimkate. Makato ya uharibifu kisheria ni ya ule wa makusudi.

Pesa ya nyumba. Ya maziwa na mboga itume kando na mshahara, zisichanganyike. Muachie pia kitu kidogo cha dharura. Mtoto akishikwa na homa saa nne asubuhi, yaya apande boda hadi hospitali bila kungoja utoke kwa mkutano. Na PIN? Yako ni yako, yake ni yake.

Andikeni mliyokubaliana, kila mmoja abaki na nakala. Baada ya wiki mbili kaeni tena, umuulize, "Dada, wewe unaonaje?" Kisha umsikilize. Yeye ndiye anashinda na mtoto wako.