Gazeti la Wanafunzi wa Zamani Lipate Sura Mpya

Mwanachama wa chama cha wanafunzi wa zamani, awe karani mjini Homa Bay au mkulima wa miwa huko Awendo katika Migori, hungoja gazeti la shule yake kwa hamu. Ataka kujua nani yu wapi, nani amefariki, na lile bweni la zamani limekuwaje. Lakini gazeti moja la namna hiyo lililofika mkononi mwangu lilinisikitisha. Maandishi yake yamesongamana kama omena walioanikwa juu ya wavu, na kila baada ya kurasa mbili pana picha ya mgeni wa heshima akipeana mkono na mgeni mwingine. Gazeti kama hilo halikawii kuwa karatasi ya kufungia chumvi. Na asiyelisoma mwaka huu, huenda mwakani asitoe ada, nayo ada hiyo ingeweza kumlipia karo mtoto wa maskini.

Kazi ya chapa si ngeni katika nchi hii ya kando ya ziwa. Wamisionari wa Kiadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906 wakiongozwa na Bwana A. A. Carscallen, na mwaka 1913 akapata mtambo mdogo wa kupigia chapa. Katika zama za herufi za risasi zilizopangwa moja moja kwa mkono, mhariri alikuwa na sababu njema ya kupunguza maneno. Siku hizi kompyuta humruhusu kuzifinya herufi mpaka hotuba nzima ya mwenyekiti ienee katika ukurasa mmoja. Kwa maoni yangu ubaya wa magazeti yetu watoka hapo, wala si katika uhaba wa fedha.

Basi atakaye kulibadili gazeti na aanze kwa kukata. Karatasi ikikunjwa na kubanwa katikati kwa pini hutoa kurasa nne. Ndiyo maana kurasa huhesabiwa nne nne: 24, 28, 32. Habari ikizidi kurasa 28 kwa ukurasa mmoja tu, chama kitalipia nne nzima. Afadhali hotuba ifupishwe! Tena ukurasa mpana ugawanywe safu mbili, kwa kuwa jicho huchoka kufuata mstari mrefu.

Sasa picha. Picha ya simu iliyopitishwa kwa watu kumi hupungua ubora, na ikichapwa katika karatasi hafifu huwa giza tupu. Mchoro wa wino hauna taabu hiyo. Bwana E. G. Gitau alichora kikaragosi chake Juha Kalulu kwa mistari michache tu, naye akajulikana Kenya nzima kwa miaka mingi. Mchoro waweza pia kueleza lisiloelezeka kwa maneno. Tuchukue Thimlich Ohinga katika Migori, boma la mawe lililotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Ukuta wake umepangwa pasipo udongo wala saruji, mahali pengine hufikia mita 4 na zaidi. Mwandishi atamaliza aya tatu akieleza jinsi jiwe linavyoshika jiwe. Mchoraji ataonyesha mara moja.

Hali kadhalika ramani ya uwanja wa shule jinsi ulivyokuwa zamani, pamoja na jiko, kanisa na njia ya kisimani, itawafurahisha wazee kuliko picha ishirini za wageni. Wanafunzi wenye kipawa wapo. Waitwe, walipwe kitu, na majina yao yaandikwe chini ya kazi zao.

Kurasa za marehemu zisibanwe. Kila jina liwe na mwaka wa kumaliza shule.

Kabla ya kazi kwenda kwa mpiga chapa, ukurasa mmoja upelekwe kwa mwanachama mzee, ausome jioni kwa mwanga wa taa. Akiusogeza karibu na uso, herufi ni ndogo. Akiuliza, “Huyu pichani ni nani?” jina hilo liongezwe.