Kura na Mizani: Uchaguzi wa Mwendesha Mashtaka wa Kaunti nchini Marekani

Utangulizi

Miongoni mwa mambo yanayomshangaza msomaji wa Afrika Mashariki afuatiliapo siasa za Marekani ni kwamba mtu mwenye mamlaka ya kuamua nani ashtakiwe na nani aachiliwe huiomba kazi hiyo kwa wapigakura. Wakili wa kawaida, ambaye jana alikuwa akiwatetea wateja wake katika mahakama ya kaunti, leo hubandika mabango yenye jina lake kandokando ya barabara, huhutubia waumini makanisani, huchangisha fedha na kusubiri matokeo ya kura sawa na mgombea wa kiti kingine chochote. Makala haya yanadhamiria kueleza chimbuko la utaratibu huo, mamlaka anayoyapata mshindi, na namna kura inavyoweza kuinyoosha mizani ya haki au kuipinda. Mwishoni, utaratibu huo utalinganishwa kwa muhtasari na ule wa Kenya.

Suala la Istilahi

Ni muhimu kuanza na maneno, maadamu istilahi mbaya huzaa fasiri mbaya. Katika majimbo ya Marekani cheo hiki hakina jina moja. California na Texas humwita afisa huyu wakili wa wilaya. Illinois na Maryland humwita wakili wa jimbo. Virginia na Kentucky humwita wakili wa jumuiya. Ilhali Missouri, Ohio na Michigan humwita mwendesha mashtaka. Kazi ni ile ile: kuendesha kesi za jinai kwa niaba ya umma katika eneo lake, ambalo aghalabu ni kaunti moja, na pengine kaunti kadhaa zilizounganishwa.

Mfasiri wa Kenya ana sababu ya ziada ya kutahadhari. Sheria ya Afisi ya Wakili wa Kaunti ya 2020 iliweka nchini Kenya cheo ambacho jina lake lakaribiana mno na hayo ya Marekani. Hata hivyo, wakili wa kaunti wa Kenya huteuliwa na gavana kwa idhini ya bunge la kaunti, naye huishauri serikali ya kaunti kuhusu sheria na kuiwakilisha mahakamani katika kesi zisizo za jinai. Hamshtaki mwizi wala muuaji. Kwa hivyo, katika makala haya istilahi itakayotumika ni mwendesha mashtaka wa kaunti.

Chimbuko la Utaratibu

Marekani haikuzaliwa na uchaguzi huu. Katika miongo ya kwanza baada ya uhuru, waendesha mashtaka wengi waliteuliwa na magavana, mabunge ya majimbo au mahakama. Mabadiliko yalikuja katika enzi ya Rais Andrew Jackson, aliyetawala kuanzia 1829 hadi 1837, wakati ambapo wazo la kumpa raia wa kawaida usemi katika uteuzi wa maafisa wa umma lilipata nguvu. Mississippi ilitangulia kwa katiba yake ya 1832, iliyoamuru kwamba majaji na waendesha mashtaka wachaguliwe kwa kura. New York ilifuata katika katiba yake ya 1846, na majimbo mengi mengine yakaiga.

Hoja ya watetezi wa mageuzi hayo ilikuwa nyepesi kueleweka. Nafasi hizi ziligawiwa kama zawadi kwa marafiki wa wakubwa, na aliyepewa zawadi humtumikia mtoaji. Iwapo afisa angeipata kazi yake kutoka kwa wananchi, basi angewatumikia wananchi. Leo ni majimbo machache tu yasiyowachagua waendesha mashtaka wa maeneo: Alaska, Connecticut, Delaware, New Jersey na Rhode Island. Kwingineko, katika afisi zaidi ya 2,300, uamuzi ni wa mpigakura. Muhula wa kawaida ni miaka 4, ingawa Tennessee hutoa miaka 8.

Mamlaka ya Mwendesha Mashtaka

Polisi hukamata na jaji huhukumu, lakini baina yao yupo afisa anayeamua iwapo kesi itakuwepo. Mwendesha mashtaka huchagua kosa la kumshtakia mtu, hupendekeza masharti ya dhamana, na katika majimbo yenye adhabu ya kifo huamua iwapo ataiomba. Zaidi ya yote, ndiye anayejadiliana na mshtakiwa ili akiri kosa na kupunguziwa adhabu. Katika uamuzi wake wa 2012, Mahakama ya Juu ya Marekani ilieleza kwamba asilimia 94 ya hukumu za hatia katika mahakama za majimbo zilitokana na washtakiwa kukiri makosa. Maana yake ni kwamba kesi nyingi huamuliwa katika mazungumzo ya mawakili, wala si mbele ya raia wa baraza la mahakama.

Uzito wa mamlaka haya ulidhihirika katika kesi ya Paul Hayes wa Kentucky. Hayes alishtakiwa kwa hundi ghushi ya dola 88.30. Mwendesha mashtaka alimwambia kuwa akikiri angependekezewa kifungo cha miaka 5. Akikataa, angeshtakiwa upya chini ya sheria ya wahalifu sugu, kwa kuwa alikuwa amewahi kupatikana na hatia mara mbili. Hayes alikataa, akashtakiwa upya, akahukumiwa kifungo cha maisha. Mnamo 1978 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kuwa mwendesha mashtaka hakuvunja katiba. Tofauti ya miaka 5 na maisha ilitegemea hiari ya afisa mmoja.

Hata afisa huyo akikosea, ni vigumu kumdai fidia. Tangu uamuzi wa 1976 katika kesi ya Imbler, mwendesha mashtaka hawezi kushtakiwa na aliyeonewa ili alipe fidia kwa yale aliyoyatenda katika kuendesha kesi mahakamani. Kwa sababu hiyo, kura imebakia kuwa miongoni mwa njia chache za kumwajibisha.

Safari ya Mgombea

Kwa kawaida mgombea huhitajika kuwa wakili aliyeidhinishwa kufanya kazi katika jimbo lake. Katika majimbo mengi hugombea kwa tiketi ya chama, hivyo hana budi kupitia kura ya mchujo kabla ya uchaguzi mkuu. Palipo na chama kimoja chenye nguvu, mchujo ndio uchaguzi wenyewe.

Wagombea wengi ni wa namna mbili. Wa kwanza ni naibu aliyefanya kazi katika afisi hiyo kwa miaka mingi, ambaye hujinadi kwa tajiriba. Wa pili ni wakili wa nje, pengine aliyekuwa akiwatetea washtakiwa, ambaye huahidi mageuzi. Kwa muda mrefu lugha ya kampeni ilikuwa moja: idadi ya wahalifu waliofungwa na ukali wa adhabu. Tangu katikati ya mwongo wa 2010 lugha ya pili imesikika kwa nguvu. Mnamo 2017 Larry Krasner, wakili wa utetezi, alichaguliwa mwendesha mashtaka wa Philadelphia kwa ahadi ya kupunguza vifungo. Mnamo 2019 Chesa Boudin, aliyekuwa wakili wa umma wa washtakiwa maskini, alishinda San Francisco. Lakini Juni 2022 wapigakura wa mji huo huo walimwondoa kabla ya muhula wake kwisha. Kiti hiki aidha ni ngazi: Kamala Harris alianza kwa kushinda kiti cha San Francisco mnamo 2003, akapanda hadi kuwa Makamu wa Rais mnamo 2021.

Hata hivyo, ushindani wa kweli ni nadra. Utafiti wa Ronald Wright, msomi wa sheria, uliochapishwa mnamo 2009, ulionyesha kuwa waendesha mashtaka waliotetea viti vyao walishinda takriban mara 95 kwa kila 100, na kwamba takriban asilimia 85 yao hawakuwa na mpinzani hata mmoja. Mawakili wa kaunti hukutana na mwendesha mashtaka kila siku ya kazi. Asiyemshinda atalazimika kurudi kumwomba nafuu kwa ajili ya wateja wake. Si ajabu kwamba wengi huchagua kunyamaza.

Kaunti ya St. Louis

Mfano bora wa kura iliyotikisa afisi hiyo hupatikana katika Kaunti ya St. Louis, jimbo la Missouri. Robert McCulloch alikuwa mwendesha mashtaka wa kaunti hiyo tangu 1991. Tarehe 5 Agosti 2014 alishinda tena mchujo wa chama cha Democratic. Siku nne baadaye, tarehe 9 Agosti, afisa wa polisi alimpiga risasi na kumwua Michael Brown, kijana Mwafrika-Mmarekani wa miaka 18, katika mji mdogo wa Ferguson. Maandamano yalizuka, na macho ya ulimwengu yakaelekezwa kwa McCulloch. Aliwasilisha ushahidi kwa baraza kuu la mahakama, yaani raia wanaoamua faraghani iwapo mtu atafunguliwa mashtaka, na mnamo Novemba 2014 baraza hilo halikumshtaki afisa yule. Wakosoaji walidai kuwa mwendesha mashtaka hakuitaka kesi hiyo. Watetezi wake walisema alifuata ushahidi.

Wananchi walilazimika kusubiri miaka minne. Agosti 2018 Wesley Bell, wakili wa mahali hapo na diwani wa Ferguson aliyechaguliwa baada ya maandamano, alimshinda McCulloch katika mchujo kwa takriban asilimia 57 ya kura. Kwa kuwa hakukuwa na mgombea wa chama cha Republican, ushindi huo ulimaliza udhia. Hata kabla ya Bell kuapishwa Januari 2019, mawakili waliokuwa wakifanya kazi katika afisi hiyo walipiga kura ya kujiunga na chama cha kutetea maslahi ya polisi. Alipoingia, Bell aliacha kuwashtaki watu waliopatikana na bangi isiyofikia gramu 100 na kuwashtaki wazazi kwa jinai kwa kushindwa kulipa fedha za matunzo ya watoto.

Kisa hiki kina funzo jingine ambalo husahaulika. Bell aliichunguza upya kesi ya Michael Brown, na Julai 2020 akatangaza kuwa ushahidi haukutosha kumfungulia mashtaka yule afisa wa polisi. Wengi waliompigia kura walihuzunika. Kura ilikuwa imembadilisha mwendesha mashtaka. Haikuweza kuubadilisha ushahidi, wala haikupaswa.

Mwamba Ngozi Huvutia Kwake

Mkabala na kisa hicho kuna kile cha Kaunti ya Durham, North Carolina. Mike Nifong aliteuliwa mnamo 2005 kujaza nafasi iliyoachwa wazi, na mwaka wa 2006 akawa anaomba kura kwa mara ya kwanza. Machi mwaka huo, mwanamke mmoja alidai kuwa alibakwa na wachezaji wa timu ya Chuo Kikuu cha Duke. Wiki chache kabla ya mchujo wa Mei, Nifong alizungumza na wanahabari mara kwa mara akiwatuhumu wachezaji hao, kisha akawashtaki watatu. Alishinda mchujo, akashinda na uchaguzi mkuu wa Novemba.

Kesi ilipochunguzwa ilibainika kuwa alificha matokeo ya vipimo vya vinasaba yaliyowanusuru washtakiwa. Aprili 2007 Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Roy Cooper, alitangaza kuwa vijana hao hawakuwa na hatia. Juni mwaka huo Nifong alipokonywa leseni ya uwakili. Wahenga husema mwamba ngozi huvutia kwake. Afisa anayeomba kura ana hamu ya kuvutia upande wa makofi, na anayeumia huwa ni mshtakiwa ambaye kesi yake imeangukia msimu wa kampeni.

Ulinganisho na Kenya

Kenya ilichagua njia nyingine. Kabla ya 2010 mamlaka ya kushtaki yalikuwa mikononi mwa Mwanasheria Mkuu, aliyekuwa pia mshauri wa serikali na aliyeweza kuisitisha kesi yoyote. Kifungu cha 157 cha Katiba ya 2010 kiliyatenga mamlaka hayo na kumpa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, anayeteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge la Taifa. Huhudumu kwa muhula mmoja wa miaka 8 usioweza kurudiwa, hapokei amri kutoka kwa mtu yeyote, na hawezi kuiondoa kesi bila ruhusa ya mahakama. Asiyeridhika naye huwasilisha malalamiko kwa Tume ya Utumishi wa Umma.

Tofauti ni bayana. Mmarekani anaweza kumng'oa mwendesha mashtaka wake kwa kura, ila afisa huyo hufanya kazi akiutazama uchaguzi ujao. Mkurugenzi wa Kenya hana uchaguzi wa kuutazama, ila mwananchi wa kawaida hana usemi wa moja kwa moja anapoteuliwa, na kesi za wakubwa zinapoondolewa mahakamani hubaki kuuliza maswali. Marekani iliogopa zaidi upendeleo wa mteuzi, Kenya ikatafuta dawa ya hofu hiyo hiyo katika muhula mmoja na idhini ya mahakama.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa uchaguzi wa mwendesha mashtaka ulianzishwa ili kumwondoa afisa huyo mikononi mwa wakubwa, na kwamba umefanikiwa kwa kiasi tu. Pasipo mpinzani, kura ni desturi tupu. Palipo na mpinzani na ghadhabu ya umma, kura inaweza kuleta mageuzi kama St. Louis au dhuluma kama Durham. Linalotofautisha mawili hayo ni sheria zinazomlazimu afisa kufichua ushahidi wote, majaji wasiomwogopa, na wapigakura wanaofahamu kuwa hawamchagui mtu wa kushinda kesi, bali wa kutenda haki, hata pale ambapo haki ni kuifunga faili na kumwacha mtu aende nyumbani.