Tiba ya mawimbi ya mshtuko: Nafuu ya kisigino au shimo la mtaji?

MFANYABIASHARA wa mpakani huamka kabla ya jua. Akitia mguu chini kutoka kitandani anahisi kama amekanyaga msumari. Anachechemea hatua kumi, ishirini, kisha maumivu yanalegea, naye anajitwisha mzigo na kushika njia. Jioni akishakaa kidogo na kuinuka tena, msumari uko pale pale. Iwe ni Busia, Rusumo au Kobero, wenye hali hiyo ni wengi, na baadhi yao wamekuwa wateja wa kudumu wa vidonge vya diklofenaki vinavyonunuliwa dukani bila cheti cha daktari.

Ndugu msomaji, huenda umesikia habari ya mashine inayotibu maumivu hayo bila kisu wala sindano. Jina lake ni tiba ya mawimbi ya mshtuko. Katika miji mikubwa ya kanda yetu, Nairobi ikiwamo, zipo kliniki zinazoitoa. Bei yake si ya mchezo, kwani mgonjwa huambiwa arudi mara tatu hadi tano, na kila safari ina nauli yake na siku moja ya biashara iliyopotea. Ndiyo maana makala haya yanajaribu kueleza tiba hiyo ni nini, inamfaa nani, na ni wakati gani mtu abaki na pesa zake mfukoni.

Kwanza tuondoe hofu moja. Neno mshtuko huwafanya wengi wafikirie shoti ya umeme. Hakuna umeme unaoingia mwilini. Kinachoingia ni wimbi la msukumo, kama lile unalolisikia kifuani baruti inapopasuliwa kwenye machimbo ya mawe, ila hili ni dogo na linaelekezwa mahali pamoja.

Chanzo cha tiba hii si misuli bali ni figo. Tarehe 7 Februari 1980, mjini Munich, Ujerumani, madaktari walimtibu kwa mara ya kwanza mgonjwa mwenye mawe ya figo kwa kutumia mashine iliyotengenezwa na Dornier, kampuni iliyojulikana zaidi kwa kuunda ndege. Mawimbi yalipita kwenye nyama bila kuikata, yakalivunja jiwe, na vipande vikatoka kwa njia ya mkojo. Baadaye watafiti waliona kwamba mifupa iliyopigwa na mawimbi hayo ilichochewa kukua. Kutoka kwenye mifupa wakaja kwenye kano, yaani zile kamba ngumu zinazofunga msuli na mfupa. Mwaka 2000 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha mashine ya kwanza ya aina hiyo kwa maumivu sugu ya kisigino.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wa huduma hawalisemi sana. Mashine ni za aina mbili, ingawa zote huitwa kwa jina moja. Ya kwanza hukusanya mawimbi yake na kuyapeleka kwenye nukta moja ndani ya mwili. Ya pili, ambayo ni nafuu na ndiyo utakayoikuta katika kliniki nyingi za viungo, hufanya kazi kwa hewa iliyoshindiliwa: kipande kidogo cha chuma hurushwa ndani ya bomba na kugonga kichwa kilichowekwa juu ya ngozi, tena na tena, mara kumi hivi kwa sekunde. Nguvu yake ni kubwa pale kwenye ngozi na hupungua kadiri inavyozama. Kwa kisigino inatosha. Kwa kitu kilicho ndani sana, haitoshi. Vile vifaa vidogo vya kukandia misuli vinavyotetemeka, vinavyouzwa sokoni na kwenye mtandao, si mashine hiyo hata kidogo, hata kama boksi linasema vingine.

Tiba yenyewe ni ya dakika chache. Mgonjwa analala, mtaalamu anapapasa kutafuta mahali panapouma zaidi, anapaka mafuta mazito, kisha anaanza kugonga. Mapigo 2,000 kwa kikao kimoja ni jambo la kawaida, na vikao hupishana kwa wiki moja hivi. Inauma. Wengi huvumilia, na mtaalamu mzuri huanza taratibu na kuongeza nguvu kidogo kidogo. Baada yake ngozi inaweza kuwa nyekundu au kuvilia damu kwa siku mbili tatu. Usitegemee kuruka siku hiyo hiyo, kwa sababu kano hupona polepole na matokeo hupimwa baada ya wiki sita hadi kumi na mbili. Namna mawimbi yanavyotuliza maumivu bado inajadiliwa: wengine wanasema yanaamsha chembe hai zijenge upya, wengine kwamba yanapunguza ukali wa mishipa ya fahamu inayobeba maumivu.

Je, inafanya kazi? Jibu la kweli ni kwamba inategemea kiungo, na pia mtu ameteseka kwa muda gani.

Chukua kisigino. Mwaka 2002 watafiti wa Australia walichapisha jaribio la wagonjwa 166, nusu wakipewa mawimbi ya kweli na nusu mawimbi ya kubabaisha, na makundi yote mawili yakapata nafuu sawasawa. Mwaka 2008 likatoka jaribio lingine, la wagonjwa 245 ambao tiba nyingine zilikuwa zimeshindwa, safari hii kwa mashine ya hewa. Asilimia 61 ya waliopata mawimbi ya kweli walifanikiwa, dhidi ya asilimia 42 ya wale waliodanganywa na mashine. Tazama vizuri namba hiyo ya pili. Watu wanne katika kila kumi walipata nafuu bila kutibiwa kwa chochote, kwa sababu maumivu haya huelekea kupungua yenyewe, na kwa sababu imani nayo ina nguvu zake. Kwa hiyo jirani yako akikuambia "mimi iliniponya", huenda anasema kweli yake, lakini ushuhuda wake peke yake hautoshi kukufanya uvunje kibubu.

Kwa kiwiko, habari si nzuri sana. Mapitio ya taasisi ya Cochrane ya mwaka 2005 yalikuta kwamba mawimbi yanasaidia kidogo mno au hayasaidii kabisa. Kwa bega, mapitio yao ya mwaka 2020 nayo hayakuona faida kubwa. Wapo madaktari wanaoitumia kwa bega lenye chokaa iliyoganda ndani ya ukano, na jaribio moja la mwaka 2003 liliwapa moyo, lakini chokaa hiyo lazima ionekane kwenye picha ya eksirei kwanza. Ama mgongo, ambao ndio kilio kikuu cha wabeba magunia, haumo katika mambo ambayo tiba hii imejithibitisha nayo. Anayekuuzia vikao kumi vya mgongo anakuuzia matumaini.

Lipo jambo lingine linalowahusu hasa ndugu zetu waliorejea nyumbani baada ya miaka mingi kambini. Mtu aliyekaa muda mrefu bila kazi nzito anarudi, anashika jembe, anang'oa visiki, anabeba matofali ya nyumba mpya, yote ndani ya mwezi mmoja. Msuli huzoea kazi haraka kiasi. Ukano huchelewa, nao ndio hulalamika begani, kwenye kiwiko na nyuma ya kisigino. Ni vivyo hivyo kwa mama aliyekuwa akiuza nyanya kibandani na sasa anavuka mpaka mara tatu kwa siku. Maumivu ya namna hiyo yakiwa mapya hayahitaji mashine. Yanahitaji mzigo upunguzwe, usikatwe kabisa, kisha uongezwe wiki hadi wiki.

Tena kuna ushahidi. Mwaka 2010 jaribio la wagonjwa 102 ambao kisigino kilikuwa kimeanza kuwauma karibuni lililinganisha mashine ya mawimbi na zoezi la kunyoosha unyayo. Baada ya miezi miwili, asilimia 65 ya wanyooshaji walikuwa wameridhika, dhidi ya 29 ya waliotibiwa kwa mashine. Zoezi lenyewe halina gharama. Kabla ya kukanyaga chini asubuhi, weka mguu unaouma juu ya goti la mwingine, shika vidole vya mguu kwa mkono na uvivute kuelekea kwako hadi uhisi unyayo umekazana kama kamba ya gitaa. Hesabu hadi kumi, achia. Rudia mara kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Mwenye kandambili zilizolika hadi kubaki karatasi azibadilishe, avae kiatu chenye kisigino kidogo na soli nene.

Kama mtu amefanya hayo kwa uaminifu miezi mitatu hadi sita na kisigino bado kinamtesa, hapo mashine inaanza kuwa na maana. Vivyo hivyo kwa ukano mnene ulio nyuma ya kifundo cha mguu: mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba mawimbi yakiunganishwa na mazoezi ya kushusha kisigino polepole yaliwasaidia wagonjwa wengi zaidi kuliko mazoezi peke yake. Zingatia neno kuunganishwa. Kliniki inayokugonga na kukuaga bila kukufundisha zoezi imekupa nusu ya tiba kwa bei kamili.

Wapo pia wasiotakiwa kuiguza kabisa bila daktari. Mama mjamzito. Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mwenye uvimbe wa saratani au kidonda chenye usaha mahali hapo. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi, maana hawezi kusema panapouma. Aliyechomwa sindano ya steroidi kwenye ukano huo wiki chache zilizopita asubiri, kwa kuwa sindano hiyo huweza kuudhoofisha ukano. Na ukisikia mlio kama kamba imekatika nyuma ya mguu, ukashindwa kusimama kwa vidole, usitafute mashine yoyote. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa anayeamua kwenda, asikubali kulipia vikao vyote siku ya kwanza. Aulize ni mashine ya aina gani, aombe apimwe kwanza, alipe kikao kimoja kimoja. Apange vikao viangukie siku ambazo hana soko, na kwa siku mbili zinazofuata mzigo mkubwa abebe mwingine.