Kesi ya ngedere, hakimu nyani: Mtoto anapodai kompyuta imemwibia mechi

JUMAMOSI moja jioni niliitwa haraka kwenye kibanda cha gemu kilicho karibu na steji ya matatu mtaani kwetu. Kijana aliyetumwa kwangu hakusema mengi. "Mzee, njoo umchukue mtoto wako. Amevunja kitu cha watu."

Nilimkuta mwanangu wa miaka 13 amesimama pembeni, macho mekundu, mikono nyuma. Sakafuni palikuwa na padi, kile kifaa cha vibonye cha kuchezea, imepasuka vipande viwili. Mwenye kibanda alikuwa mpole lakini hakuficha haja yake. "Pole, mzee, lakini hiyo padi ndiyo jembe langu," akasema.

Nililipa. Zilikuwa pesa za gesi, na wiki hiyo tukarudi kwenye jiko la makaa.

Njiani nilimwuliza alikuwa amepatwa na nini. "Baba, imeniibia," akajibu.

"Nani amekuibia?"

"Kompyuta."

Alinieleza kwamba alikuwa akiongoza kwa mabao 2-1 hadi dakika ya 85. Ghafla mabeki wake wakaanza kukimbia kana kwamba wamefungwa mawe miguuni. Kipa wake, aliyekuwa amedaka kila kitu, akautema mpira mwepesi ambao hata bibi kizee angeudaka. Yeye akapiga mikwaju miwili, yote ikagonga mlingoti. Kipenga cha mwisho kilipolia, kompyuta ilikuwa imeshinda 3-2.

Nilimjibu kama ambavyo wazazi wengi wangejibu. Nilimwambia kwamba mashine haina moyo, haina kinyongo wala timu inayoishabikia, na kwa hivyo haiwezi kumwibia mtu. Nikamwongezea kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Kijana akanyamaza, na kwa siku mbili hakunisemesha ila kwa salamu.

Wiki iliyofuata mpwa wangu anayesomea kompyuta chuoni alitutembelea. Nilimsimulia kisa hicho huku nikicheka. Yeye hakucheka. "Mjomba," aliniambia, "huenda mtoto alisema kweli. Zipo gemu zilizofunzwa kuiba."

Aliipendelea timu yake

Mfano alionipa unajulikana sana na wapenzi wa gemu, na mhusika mwenyewe amekiri. Mwaka wa 1993 kampuni ya Midway ya Chicago, Marekani, ilitoa mchezo wa mpira wa vikapu uitwao NBA Jam. Ulianza katika zile mashine kubwa zilizowekwa kumbini, ambazo mtu alitumbukiza sarafu ndipo acheze.

Kiongozi wa waliobuni mchezo huo alikuwa Mark Turmell. Bwana huyu alikuwa shabiki sugu wa timu ya Detroit Pistons, na mahasimu wakubwa wa Pistons siku hizo walikuwa Chicago Bulls. Miaka mingi baadaye Turmell alikiri hadharani kwamba aliingiza maagizo ya siri katika mchezo huo. Bulls walipokutana na Pistons na alama zikawa zimekaribiana, mitupo ya Bulls ya sekunde za mwisho ilifanywa iwe ya kukosa.

Hebu fikiria kijana wa Chicago aliyetumbukiza sarafu yake ya mwisho, akampa mpira Scottie Pippen, akatupa vizuri kabisa, na mpira ukakataa kuingia. Pengine alijilaumu. Pengine babaye alimwambia kwamba mashine haina timu. Kweli mashine haina timu, lakini aliyeiandikia maagizo anayo.

Kisa hicho kilikuwa cha mapenzi ya mtu mmoja. Lakini kuna ujanja mwingine ambao hauna siri katika kazi hiyo, nao hufananishwa na rababendi. Ukiivuta rababendi, kadiri inavyonyooka ndivyo inavyokuvuta urudi. Vivyo hivyo, katika baadhi ya michezo anayeongoza huvutwa nyuma na aliyeachwa husukumwa mbele ili wasiachane mno.

Ujanja huu umejulikana sana katika michezo ya mbio za magari, kama vile Super Mario Kart ya kampuni ya Nintendo iliyotoka mwaka wa 1992. Hata NBA Jam ilikuwa na mpango wa kumsaidia aliyeachwa nyuma.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Mechi ya 8-0 huchosha anayefunga na anayefungwa. Mechi inayoamuliwa dakika ya mwisho humfanya mtu aseme, "Moja tu tena." Enzi za mashine za kumbini, hiyo "moja tu tena" ilikuwa sarafu nyingine. Kibandani kwetu ni shilingi nyingine.

Mpinzani ndiye refa

Katika uwanja wa kawaida, mpinzani ni mtu mmoja na refa ni mwingine. Refa akipendelea, mashabiki humzomea. Lakini anayecheza dhidi ya kompyuta hana wa kumlalamikia. Mashine hiyo hiyo inayoongoza timu pinzani ndiyo inayopuliza kipenga, ndiyo inayoshika saa, na ndiyo inayoamua iwapo mpira utagonga mlingoti au utatikisa wavu. Kwa kweli hii ni ile kesi ya ngedere ambayo hakimu wake ni nyani.

Tena kuna suala la viwango vya ugumu. Mchezaji anapochagua kiwango cha juu, hudhani kwamba kompyuta itaanza kutumia akili zaidi. Mara nyingine sivyo. Kuifundisha kompyuta kufikiri kama kocha ni kazi kubwa, na njia ya mkato ni kuwaongezea wachezaji wake mbio na pasi zisizopotea. Mtoto huona mambo haya kwa macho yake. Humwona beki asiye na jina akimkimbiza mshambulizi mwenye kasi kuliko wote duniani na kumpita. Akisema si haki, hasemi upuuzi.

Lakini si kila kilio ni cha kweli

Hata hivyo, mzazi asiruke kutoka kosa moja hadi jingine. Kwamba baadhi ya michezo imewahi kuiba si ushahidi kwamba kila anayeshindwa ameibiwa.

Mnamo Novemba 2020, wachezaji watatu waliishtaki kampuni ya Electronic Arts katika mahakama ya California, Marekani. Walidai kwamba katika michezo yake, ukiwemo ule wa kandanda uliojulikana wakati huo kama FIFA, kampuni ilikuwa ikibadilisha ugumu wa mechi kisirisiri ili watu wazidi kununua wachezaji. Kampuni ilikubali kwamba ina hataza ya ujanja wa kubadilisha ugumu, lakini ikakana kuutumia katika michezo hiyo. Mwaka wa 2021, baada ya kuonyeshwa maelezo ya kitaalamu na kuzungumza na wahandisi, walalamishi waliiondoa kesi wenyewe.

Naye Sid Meier, mbunifu mashuhuri wa mchezo wa Civilization, alitoa hotuba mwaka wa 2010 kuhusu fikra za wachezaji. Alieleza kwamba mtu akionyeshwa kuwa ana nafasi tatu za kushinda dhidi ya moja ya kushindwa, kisha akashindwa, huona ameonewa. Lakini hesabu ni hesabu. Katika mapambano manne ya namna hiyo, utarajie kushindwa moja. La kuchekesha ni kwamba mtu huyo huyo akiwa ndiye mnyonge na akashinda kwa bahati, halalamiki kamwe.

Nilipomwuliza mwanangu ni mara ngapi kipa wa kompyuta amewahi kuutema mpira na yeye akafunga, alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Wala si watoto pekee. Mnamo Mei 1997, bingwa wa dunia wa sataranji, Garry Kasparov, alishindwa na kompyuta ya Deep Blue ya kampuni ya IBM jijini New York kwa alama 3.5 dhidi ya 2.5. Baada ya mchezo wa pili alishuku kwamba kulikuwa na mkono wa binadamu nyuma ya mashine. IBM ilikana. Ikiwa bingwa wa dunia alishuku, mtoto wa miaka 13 atashindwaje kushuku?

Kuna pia wezi wadogo ambao si kompyuta. Padi iliyochakaa hupeleka mchezaji kushoto ilhali kidole hakijagusa kitu. Na baadhi ya televisheni bapa huchelewesha picha kidogo, mtoto akabonyeza sasa na mchezaji akapiga baadaye. Sekunde ndogo kama hiyo yatosha kumpokonya bao.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, msikilize mtoto kabla ya kumhukumu. Jambo analolalamikia si mpira wa kwenye kioo tu. Anauliza swali zito: kama nimejitahidi na nimefuata sheria, mbona sikupata haki yangu? Swali hilo atakutana nalo tena darasani, kazini na kwingineko. Ukimjibu kwa kejeli leo, hatakuletea siku nyingine.

Pili, mtenganishie kosa na malalamiko. Hasira ya kuonewa si dhambi, lakini kuvunja mali ya mtu ni kosa hata kama umeonewa.

Tatu, kaa naye mcheze. Ukimaliza mechi mbili utajua mengi kuliko mahubiri ya mwezi mzima. Kagueni padi, na katika televisheni tafuteni mpangilio maalumu wa michezo, ambao hupunguza kule kuchelewa kwa picha.

Nne, mshauri ashuke kiwango kimoja hadi azoee, au acheze na mwenzake badala ya kompyuta. Wawili wakicheza, angalau kila mmoja anaweza kumtazama mwenzake usoni. Hata hivyo, wasichezee pesa. Mahali ambapo anayeshindwa hulipia wote, hasira huongezeka maradufu na urafiki huvunjika.

Tano, wekeni idadi ya mechi kabla ya kuanza, si baada ya kushindwa. Ile "moja tu tena" ndiyo mtego wenyewe.

Nilimwomba msamaha

Jumapili ile baada ya mpwa wangu kuondoka, nilimwita mwanangu nje, tukakaa kwenye ngazi. Nilimwambia kwamba nilikosea kumwita mtu wa visingizio kabla ya kujua ukweli. Nikamsimulia habari za Pistons na Bulls. Alinitazama kwa mshangao, si kwa sababu ya Bulls, bali nadhani kwa sababu hakuwa amezoea kusikia babake akisema "nilikosea".

Kisha nikamkumbusha deni la padi. Tulikubaliana kwamba angelilipa kidogo kidogo kutoka kwa pesa zake za matumizi, na kwamba angeenda mwenyewe kumwomba mwenye kibanda msamaha. Alienda. Alirudi akiwa ameinua kichwa.

Baada ya majuma mawili nilimsindikiza kibandani. Nilimshauri ateremshe kiwango, akakataa. "Hapana, Baba. Acha iwe hapo hapo," alisema. "Sasa najua dakika za mwisho inakuwaje. Nitafunga la tatu mapema."

Hakufunga la tatu. Alitoka sare ya 2-2, na bao la kusawazisha lilipatikana dakika ya 89. Niliona vidole vyake vikiikaza padi, nikashika pumzi. Kisha akaiweka mezani polepole, akamlipa mwenye kibanda, akaniambia, "Twende, Baba."

Hatukujua kama kompyuta iliiba siku hiyo. Lakini padi ilikuwa nzima, na njiani hadi nyumbani tulizungumza.