Uchachu wa Maji na Ndege wa Mto



Maji ya mto yanaweza kuwa maangavu kabisa na bado yasiwe na uhai ndani yake. Sababu moja ni uchachu. Ndimu ni chachu. Magadi ni kinyume chake. Maji yote yako mahali fulani kati ya hivyo viwili.

Wataalamu hutumia kipimo kiitwacho pH, kuanzia 0 hadi 14. Katikati ni 7. Chini yake ni uchachu, juu yake ni magadi. Na kila hatua moja ni mara 10: maji ya pH 5 yana uchachu mara 100 kuliko ya pH 7. Mito mingi yenye afya huwa kati ya 6.5 na 8.5.

Ziwa letu

Mto Ngosur hutoka upande wetu wa Bahati, na Njoro hutoka Mau. Maji yake ni matamu, nayo huelekea Ziwa Nakuru, ambalo halina mto wa kutoka. Jua hukausha maji, magadi yanabaki, na pH hufika kama 10. Katika maji hayo humea mwani ambao ndio chakula cha heroe, wale tunaowaita flamingo. Lakini tangu 2010 hivi ziwa lilipofurika, magadi yalizimuliwa, mwani ukapungua, na heroe wengi wakahamia Bogoria. Mnaona? Maji yakibadilika, ndege hawangoji mkutano. Wanahama.

Uchachu unapoingia mtoni

Huko Wales, Uingereza, moshi wa viwanda ulileta mvua chachu. Maji yakatoa madini ya alumini kwenye udongo, yakadhuru mashavu ya samaki. Wadudu wa majini wakapungua. Kuna ndege mdogo huko ambaye hupiga mbizi kutafuta wadudu hao. Kwenye vijito vichachu alichelewa kutaga, mayai yakawa machache na maganda membamba, kwa kukosa chakula chenye chokaa.

Sisi hatuna moshi mwingi hivyo. Lakini tuna kahawa. Maji ya kumenya na kuosha kahawa yana sukari. Yakikaa, huchacha kama uji, na pH inaweza kushuka hadi 4 hivi. Yakimwagwa mtoni, vijidudu hula sukari ile na kumaliza hewa ndani ya maji. Samaki na wadudu hufa, na mdiria akija havui kitu. Na sisi je? Ng'ombe wanakunywa hapo hapo, na akina mama wanateka maji chini kidogo tu.

Mnaweza kupima wenyewe

Geuzeni mawe mahali maji yanapokimbia. Mkiona wadudu wadogo wenye mikia mitatu wamejishika kwenye jiwe, huo mto bado u hai. Mkiona vijidudu vyekundu kama minyoo peke yake, jueni hewa imepungua. Kisha mwombeni mwalimu wa sayansi karatasi ya litmasi: ikigeuka nyekundu, maji ni machachu. Pimeni juu na chini ya kiwanda, mwandike tarehe.

La kufanya

1. Maji ya kahawa yaingie kwenye mashimo mbali na mto, yasielekezwe mtoni kamwe.
2. Msilime hadi ukingoni. Acheni angalau mita 6 za nyasi na miti ya kienyeji.
3. Mbolea ya DAP ikitumika miaka mingi huchachusha udongo. Pimeni udongo kabla ya kununua chokaa ya shamba.

Maswali ya kuzungumzia

Ni ndege gani mlikuwa mkiwaona mtoni zamani na sasa hawaonekani? Ni nani anayeishi chini yenu kwenye mto huo, na mnampelekea maji ya namna gani?