Andaa Watu, Mwisho Utajijua

Kwa desturi ya mashindano ya ngoma ya Wasukuma, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hucheza siku moja, uwanja mmoja, muda uleule. Mshindi ni aliyejaza watu upande wake. Kwa hiyo manju, yaani kiongozi wa ngoma, huja na nyimbo alizotunga na mazoezi ya wiki nyingi, lakini umati ukianza kumkimbia kuelekea ng'ambo, mpango wake haumsaidii kitu. Inabidi abadilishe wimbo papo hapo, atoe nyoka, amtanie hasimu wake, afanye lolote litakalowarudisha. Wanaofika Bujora kwenye sikukuu ya Bulabo wanaijua pilikapilika hiyo.

Nimeanza na ngoma kwa sababu ndiyo njia ya karibu ya kueleza kazi ya mwendesha mchezo katika michezo ya kuigiza mezani, ambayo kwa wengi wa Kanda ya Ziwa waliozoea bao, drafti na karata ingali migeni. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Kila mmoja anashika mhusika: mvuvi, mganga, askari, mwizi aliyetubu. Mmoja wao hana mhusika wake. Huyo ndiye anayeeleza mahali walipo, anawasemea watu wengine wote wanaokutana nao, na anatamka linalotokea baada ya kila tendo. Jambo likiwa na mashaka, dadu inarushwa. Hakuna jukwaa wala hadhira.

Swali linalowasumbua waendesha michezo ni moja: hadithi ni ya nani? Akiishika yeye peke yake, wenzake wanaburutwa. Akiiachia kabisa, jioni nzima inaishia kwenye porojo.

Mchezo wenyewe ulizaliwa kwa bahati mbaya inayohusu swali hilohilo. Mwaka 1969 huko Minnesota, Marekani, David Wesely aliandaa mchezo wa vita wa enzi za Napoleon katika mji wa kubuni aliouita Braunstein. Wachezaji walikuwa wengi kuliko majeshi, akawagawia waliozidi nafasi za raia: meya, mwenye benki, mkuu wa chuo. Badala ya kungoja vita, wakaanza kufuatana pembeni, kula njama, hata kupigana wao kwa wao. Wesely aliondoka akiamini ameharibu shughuli, kumbe wenzake walitaka zaidi. Mmoja wao, Dave Arneson, aliiendeleza fikra hiyo, na mwaka 1974 yeye na Gary Gygax wakatoa Dungeons & Dragons, vijitabu vilivyoueneza mchezo duniani.

Mwaka huohuo wa 1974, Mbrazili Augusto Boal alichapisha kitabu chake kuhusu tamthilia ya wanaokandamizwa. Katika mbinu yake moja, igizo la dhuluma linachezwa hadi mwisho, kisha linarudiwa, na mtazamaji yeyote anaruhusiwa kulisimamisha, kuingia uwanjani na kujaribu njia nyingine. Sidhani kama Gygax na Boal walijuana, ila walikuwa wakibisha mlango mmoja.

Kwetu mlango huo ulibishwa Malya, wilayani Kwimba. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, sanaa ya kuelimisha umma ilitawaliwa na ngonjera, zilizopata umaarufu kwa kazi ya Mathias Mnyampala. Mjinga na mwerevu wanajibizana kwa beti, na mwishoni mjinga anakubali. Zina utamu wake, na sizibezi. Lakini mjinga wa ngonjera hajawahi kushinda hoja, na kila aliyekaa kusikiliza alilijua hilo tangu ubeti wa kwanza. Mwaka 1982 na 1983 wataalamu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya na njia nyingine: kuchunguza matatizo pamoja na wanakijiji, kuyachambua nao, kuyaigiza kwa sanaa za palepale, kisha kuyajadili. Hawakufika na mwisho mfukoni. Hilo halina maana kwamba walifika mikono mitupu. Walikuwa na utaratibu, na walijua maswali ya kuuliza.

Tuje mezani sasa. Chukua kisiwa cha kubuni huko Ukerewe. Injini ya mtumbwi wa dagaa imepotea. Mwendesha mchezo mchanga ataandika matukio: wachezaji wanapata alama za miguu, wanamfuata mwizi, wanapigana naye gizani, wanarudisha injini. Kisha mchezaji mmoja atasema, "Mimi simtafuti mwizi. Nakwenda kukodi injini nyingine," na karatasi yote imekwisha kazi.

Aliyeandaa watu hatetereki. Ameandika tajiri wa mtumbwi, anayedaiwa na mnunuzi wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Ameandika katibu wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni, ambaye mdogo wake huvuta kokoro, wavu uliokatazwa, usiku na asingependa wageni wanaouliza maswali ufukweni. Ameandika mama anayeanika dagaa mchangani, aliyeona kitu lakini hana sababu ya kukisema bure. Kila mmoja ana anachotaka, anachoogopa na atakachokifanya asipozuiwa. Wachezaji wakienda kukodi injini kwa mnunuzi huyo, atakubali mara moja, kwa sharti kwamba dagaa wote wauzwe kwake kwa bei atakayopanga yeye. Hadithi imegeuka, na sasa ni ya deni.

Tena ana saa, na ziwa lenyewe limempa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukikua, mwanga wa karabai au sola unapungua nguvu na mitumbwi inapandishwa nchi kavu. Zimebaki siku sita. Usiku wa pili mdogo wa katibu ataihamisha injini aliyoificha. Usiku wa nne mdai atatuma vijana kuchukua nyavu. Wachezaji wako huru kukaa kibandani wakinywa soda, ila mwezi haukai nao.

Watu wakishaandaliwa hivi, mazungumzo yanajiendesha. Mchezaji anasogea kwenye mchanga:

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mnanunua dagaa, au mnauliza tu?"

Anayejibu "tunanunua" amepata mlango bila dadu. Anayetaka habari bure arushe dadu ya pande 20, apate walau 12. Hapa wengi hukosea: dadu ikitoka 4, mama anafunga mdomo na mchezo unasimama. Afadhali aseme alichoona, halafu mjukuu wake atoke mbio kwenda kwa katibu. Kushindwa kumekuwa na bei, na mchezo unaendelea. Kama mwendesha mchezo hawezi kuvumilia mojawapo ya majibu mawili ya dadu, basi dadu hiyo isirushwe.

Kuna kiini macho kimoja kinachogawanya wazoefu. Wachezaji wanachagua kati ya visiwa viwili. Popote waendapo, mwendesha mchezo anawawekea majambazi walewale aliokwisha kuwaandaa. Wengine husema hakuna ubaya, kwani wachezaji hawatajua. Mimi naona inategemea. Kama walichagua kwa kubahatisha, hakuna walichopoteza. Lakini kama walihonga nahodha, wakauliza sokoni, wakajua kisiwa cha mashariki ndicho salama, kisha wakakuta bunduki zilezile, wameibiwa akili zao. Na watajua. Wachezaji hawachelewi kunusa jambo hilo, na wakishalinusa wanaacha kupanga chochote.

Uhuru nao una hila zake. Mchezaji anayetangaza kwamba mhusika wake hajali injini, hana ndugu, hana deni na anataka kupanda basi la Dar es Salaam, hajatumia uhuru bali ameikataa meza. Hilo linatibiwa kabla ya mchezo, si katikati yake. Kila mhusika aanze akiwa amefungamana na mtu wa pale: huyu ni shemeji wa tajiri, yule alikopeshwa nauli na yule mama wa dagaa. Dakika 20 za mwanzo zinatosha kwa kazi hiyo, na ni wachezaji wenyewe watakaotaja mafungamano hayo huku mwendesha mchezo akiandika.